Kutoka Njia Panda hadi Un'Goro kwa miguu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mandhari gani ya kubuni unayoijua kiasi cha kuweza kumwelekeza mgeni njia, na uliijuaje?" Jibu langu ni bara la Kalimdor katika World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Blizzard Entertainment mwezi Novemba 2004. Kwa usahihi zaidi, ni kile kipande cha bara hilo kinachoanzia nyika inayoitwa Barrens na kuishia ndani ya kreta ya Un'Goro. Sehemu nyingine za Kalimdor nimezipita mara nyingi, lakini kumwelekeza mtu huko sithubutu, na sababu ya tofauti hiyo ndiyo jibu la nusu ya pili ya swali lenu.

Nilianza Septemba 2009, miezi miwili tu baada ya mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM kuanza kazi na kuiletea Dar es Salaam intaneti isiyotegemea setilaiti. Kaka yangu, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alikuja likizo na mchezo huo ndani ya kompyuta yake ya mkononi, akaniachia kompyuta, akaendelea kulipia ada ya kila mwezi. Mimi nilijitafutia mtandao kwenye duka la intaneti la mjomba wetu mjini Arusha, ambaye katika biashara hakutambua undugu: saa moja ilikuwa shilingi 1,000, nami nililipa kama mteja mwingine yeyote. Seva ilikuwa Ulaya, kwa hiyo kila nilichokifanya kilichelewa kidogo kuonekana, na pambano ambalo mchezaji wa Paris angelimaliza bila wasiwasi mimi nililishinda kwa kubahatisha. Nayataja haya kwa sababu yalinilazimisha kuitazama ardhi kwa makini kuliko ambavyo ningependa.

Mhusika wangu alikuwa Tauren, jamii ya watu wenye vichwa vya fahali na kwato miguuni, ambao kwao ni Mulgore, uwanda wa majani mabichi uliozungukwa na milima pande zote. Mchezaji huzaliwa pale, hupewa kazi ndogondogo na wazee wa kijiji, hupanda viwango taratibu, na akikaribia kiwango cha 10 huonyeshwa njia ya kutokea. Nilipopita penye lango la milima na kutokea upande wa pili, rangi yote ya kioo ilibadilika kutoka kijani kuwa udongo mwekundu na majani makavu. Mbele yangu walikuwapo punda milia, twiga, fisi, ndege wakubwa wakimbiao mfano wa mbuni, na chini ya mti uliofanana kabisa na mgunga alilala simba jike. Punda milia wale walikuwa na pembe moja usoni, na waliitwa zhevra, lakini mengine yote niliyajua. Mimi ni mzaliwa wa Karatu. Nilikuwa nimelipa fedha ili nipelekwe kwenye ulimwengu wa ajabu, nikajikuta nimeteremshwa nje kidogo ya kwetu.

Katikati ya nyika hiyo kuna kituo kiitwacho Crossroads, yaani Njia Panda, na yeyote aliyewahi kushuka basi Himo Njia Panda, pale barabara ya Moshi inapokutana na ya Taveta na ya Tanga, anaelewa mara moja mahali pa namna hiyo hufanya kazi gani. Watu hawakai pale, bali hupita, huuza walichonacho, huuliza habari za mbele na kuendelea. Kutoka hapo barabara moja huelekea mashariki hadi bandari ya Ratchet, nyingine huenda kaskazini, nyingine magharibi kuelekea milima ya Stonetalon, na ile ya kusini, iitwayo Barabara ya Dhahabu, huendelea mpaka mwisho wa nyika. Kuimaliza kwa miguu kulinichukua karibu robo saa ya kukimbia bila kusimama, na kabla ya kiwango cha 20 hukuwa na mnyama wa kupanda.

Wachezaji wengi waliichukia Barrens kwa sababu hiyohiyo ya ukubwa na utupu wake. Mimi naona ndiyo kazi bora ya ardhi iliyofanywa katika mchezo ule, na utetezi wangu uko katika namna ya kutafuta njia. Miezi yangu mitatu ya mwanzo ramani haikuonyesha mahali pa kufanyia kazi uliyopewa. Ulipewa maneno tu: nenda kusini, fuata barabara, tafuta kambi upande wa magharibi. Mtu mmoja wa jamii ya Orki pale Njia Panda, aitwaye Mankrik, aliwatuma watu wakamtafute mke wake aliyepotea vitani, na maelekezo yake yalikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni, kwa hiyo saa zote, usiku na mchana, kulikuwa na mtu akiuliza kwenye mazungumzo ya wote kwamba mke wa Mankrik yuko wapi. Waliojibu kwa wema walijibu kama wanavyojibu wazee barabarani kwetu: ukitoka kituoni shika barabara ya kusini, usiingie porini mapema, utaona kibanda upande wako wa kulia, mwili uko kando yake. Nilipoupata ule mwili sikufurahi kumaliza kazi kama nilivyofurahi kwamba sasa na mimi ningeweza kumjibu mwingine.

Kufa nako kulifundisha. Ukiuawa, roho yako huamkia makaburini, nawe hulazimika kukimbia ukiwa mzimu mpaka ulipoanguka ili uurudie mwili. Kwa mtu anayelipia saa, kifo kimoja katikati ya nyika kilikuwa ni dakika tano au kumi za fedha halali zilizotumika kukimbia. Nikajifunza visima vitatu vya nyika ile na viumbe wanaoishi kila kimoja, vilima ambavyo ukivizunguka upande wa mashariki hukutani na mtu, na umbali ambao simba hukuacha upite bila kukufuata. Nilizijua njia hizo kwa hofu ya gharama, jambo ambalo nadhani mchungaji yeyote atalitambua.

Kasoro zipo, na mtu wa nyika huziona haraka. Barrens haina masika wala kiangazi. Nyasi hazioti wala hazikauki, na punda milia wamesimama palepale mwaka mzima wakingoja kuuawa, bila kuhama kufuata mvua. Isitoshe, kuna kazi ya kukusanya kwato za zhevra, na mnyama mwenye miguu minne, ukishamwangusha mbele ya macho yako, mara nyingi huonekana hana hata ukwato mmoja.

Lakini nitawapa wabunifu haki yao kwa jambo moja. Juu ya mwamba mmoja wa nyika ile kuna madhabahu yenye mwili wa shujaa wa Kiorki aliyelazwa. Ni ukumbusho wa Michel Koiter, msanii wa kampuni hiyo aliyefariki Machi 2004, miezi michache kabla ya mchezo kutoka. Hakuna kazi inayokutuma kule, na ukifika hupewi zawadi. Mimi nilipanda kwa kuwa nilitaka kuona barabara kutoka juu, na nilikaa pale kwa shilingi mia mbili nzima nikitazama chini.

Mwaka uliofuata, nilipokaribia kiwango cha 48, nilivuka jangwa la Tanaris na kufika ukingoni mwa Un'Goro. Jina hilo, likisomwa kwa sauti mbele ya mtu wa Karatu, halihitaji maelezo. Ni shimo kubwa lenye kuta pande zote, na ndani yake mna msitu mzito, mabwawa ya lami, chemchemi za maji ya moto, mlima wa volkano katikati, na dinosaria. Wachezaji niliokuwa nao walicheka kwamba huwezi kutoka jangwani kwenye mchanga mtupu, ukashuka mteremko mmoja, ukajikuta kwenye msitu wa mvua. Sikucheka nao. Ngorongoro ya kweli ukiwa ukingoni, kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari, umo ndani ya msitu na ukungu na unatetemeka kwa baridi. Ukitazama chini kama mita 600 unaona nyasi kavu na ziwa la magadi linalometameta. Upepo kutoka Bahari ya Hindi humwaga maji yake upande wa mashariki wa nyanda zile za juu, na ndiyo maana upande wa magharibi, kuelekea Olduvai, nchi ni kavu kiasi kile. Ulimwengu hubadilika ghafla hivyo pale ambapo volkano imebomoka na kuacha shimo. Waliochora Un'Goro walikosea mpangilio wa mvua, lakini hawakukosea kuhusu ughafla.

Kabla ya hapo, Desemba 2009, toleo la 3.3 la mchezo lilikuwa limeleta alama za kazi kwenye ramani, hata mtu asiyesoma neno moja aliweza kwenda moja kwa moja hadi penye alama. Niliingia Un'Goro nikiwa nimezizima alama hizo. Pamoja na hayo, hata asiyezizima hakuweza kutembea kule akiwa ameinamia ramani, kwa sababu ya devilsaur, dinosaria mkubwa kuliko nyumba, ambaye kwa kituko kisichoelezeka hukujia kwa nyuma bila kishindo. Unajua amefika pale tu kioo kinapojaa meno. Baada ya vifo vitatu nilianza kutembea kama mtu aliyeambiwa kuna nyati kichakani: hatua chache, geuka, sikiliza, endelea. Mpaka leo nakumbuka kila mahali palipokuwa na jiwe la kuegemea mgongo.

Mwishoni mwa 2010 nyongeza iitwayo Cataclysm ilivunja nchi hiyo yote kwa makusudi. Barrens ilipasuliwa na ufa mkubwa na kugawanywa kuwa mbili. Korongo la Thousand Needles lilijazwa maji ya bahari. Na wachezaji wakaruhusiwa kuruka kwa wanyama wenye mabawa juu ya mabara yale ya zamani, ambako tangu mwanzo kulikuwa na njia ya ardhini tu au ndege wa kituo anayekupeleka anakojua yeye. Ufa haukunisumbua, kwani mtu wa Bonde la Ufa hawezi kulalamika juu ya ardhi kupasuka. Kilichonitoa mchezoni ni mabawa. Kulikuwa na cheo cha Mvumbuzi, ambacho hupewa aliyefunua kila sehemu ya ramani, nami nilikuwa nikikitafuta kwa miguu kwa zaidi ya mwaka. Nilinunua leseni ya kuruka, nikazimaliza sehemu zilizobaki kwa jioni mbili, nikipita juu kwa juu bila kugusa chini. Jina langu likaongezewa cheo. Nchi nilizozipitia jioni hizo mbili siwezi kukutajia hata mto mmoja.

Na Ngorongoro yenyewe? Nilikuwa nimeshuka Un'Goro mara zisizohesabika kabla sijashuka ile iliyo mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwetu. Kiingilio cha Mtanzania si kizito; kinachotushinda wengi ni gari, kwa kuwa bila gari lenye nguvu magurudumu yote hushuki. Ofisi yetu ilipokodi moja, tuliteremka kwa barabara ya Seneto, tukazunguka, tukaona faru kwa mbali sana, tukala chakula cha mchana mahali palipoamriwa, tukapanda kwa barabara ya Lerai. Kilikuwa kitu kizuri kuliko mchoro wowote. Niligundua pia kwamba chini kule hakuna twiga, ambao Barrens wanazurura hadi kando ya barabara. Lakini siku nzima sheria ilitutaka tubaki garini, dereva ndiye aliyejua njia, na ukiniuliza leo kutoka msitu wa Lerai mpaka ziwani unaelekea wapi, nitakuomba umuulize yeye.

Kwa hiyo, mgeni wangu, maelekezo yangu ni ya Un'Goro, kwa ramani ya kabla ya Cataclysm, ambayo toleo la Classic lililotoka Agosti 2019 liliirudisha. Toka Njia Panda ushike Barabara ya Dhahabu kusini. Ukiipita kambi ya Taurajo usikate kona hata ukiona njia ya mkato, maana nguruwe-watu wamejaa vichakani. Mwisho wa nyika utafika kwenye lifti ya mbao inayoning'inia gengeni. Subiri ifike juu kabisa ndipo upande, wengi wamekufa kwa kuharakisha. Chini geukia mashariki, pita kati ya minara ya mawe mpaka nchi ifunguke kuwa uwanda mweupe wa chumvi ambako watu wafupi wanashindana kwa magari. Uvuke kuelekea kusini, uingie mchangani, upumzike kwenye mji wa Gadgetzan na ujaze maji. Kisha shika kusini-magharibi hadi ukuta wa milima, uufuate mpaka uone pengo na mteremko. Ukishafika chini, ukuta wa mashariki uwe mkono wako wa kulia, utembee kaskazini mpaka mwisho, utaona kambi. Na kila baada ya hatua chache, geuka nyuma.

Msomaji wenu, Arusha