Jibu: Je, dawa ya kokwa za aprikoti iliwahi kupimwa?

Ndugu, umeuliza kama Laetrile, ile dawa ya kokwa za aprikoti, iliwahi kupimwa kwa wagonjwa wa saratani. Ilipimwa. Charles Moertel, bingwa wa saratani za tumbo na utumbo wa Mayo Clinic, Marekani, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 1982. Wagonjwa 178: haikuponya, haikurefusha maisha, na baadhi walionyesha dalili za sumu ya sayanidi.

Wala Moertel hakuwa mtu wa kukataa kila kitu. Mwaka 1990 timu yake ilionyesha kwamba fluorouracil (dawa ya kuua seli za saratani) pamoja na levamisole (naam, ile dawa ya minyoo ya mifugo!) baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye tezi za limfu ilipunguza vifo kwa asilimia 33. Levamisole baadaye iliachwa. Fluorouracil bado inatumika.