Programu Inakufa Katikati ya Kazi? Anza na Kolbaki

Juzi kijana mmoja wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kaniandikia: "Kaka, programu yangu ya Python inaita maktaba ya C vizuri tu, ila baada ya muda inakufa na kuandika Segmentation fault. Nimebadilisha kompyuta, bado." Pole, mdogo wangu. Ujumbe huo maana yake programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Hata ukipata kompyuta ya tatu, itakufa vilevile.

Ugonjwa huo naujua tangu Kibaigwa, pale kwenye soko la mahindi, msimu wa mavuno. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na mizani ya malori, na mizani ile ilikuja na maktaba ya C iliyokwishakompailiwa, faili la `.so` tu, yaani msimbo wake wa asili huuoni. Unaikabidhi anwani ya funksheni yako, na kila uzito ukitulia, yenyewe inaiita. Funksheni hiyo ndiyo kolbaki (callback). Jamaa aliyenitangulia aliiunganisha na Python kwa ctypes, moduli ya Python ya kuita maktaba za C. Asubuhi malori ya kwanza yanapimwa safi, mara programu inazima, foleni inarudi hadi barabara kuu ya Morogoro, madereva wanapiga honi. Mwenye mizani aliambiwa abadilishe waya, akabadilisha. Akaambiwa anunue UPS, akanunua. Mwisho wakasingizia vumbi.

Mimi niliwasha programu kwa `python3 -X faulthandler`, ili ikifa iseme imefia wapi, kisha nikatafuta mahali kolbaki inaposajiliwa. Nikakuta hivi:

`mizani.sajili(AINA(pokea_uzito))`

Nilicheka. `pokea_uzito` ni funksheni ya Python inayopokea uzito. `AINA`, iliyotokana na `CFUNCTYPE` ya ctypes, inaifunga ndani ya kitu cha Python, na C inapewa anwani tu ya kipande cha msimbo kinachotegemea kitu hicho. Mstari ukiisha, hakuna kigeu kinachokishikilia, Python inakifuta. C haina habari. Ni kama kumwachia mtu namba ya simu halafu ukatupa laini: siku akipiga, hujui nani atapokea. Na kwa kuwa kumbukumbu iliyoachwa huwa haiandikwi kitu kipya papo hapo, malori ya kwanza yanapita bila shida, nawe unadanganyika.

Dawa yake:

`self._kolbaki = AINA(pokea_uzito)`
`mizani.sajili(self._kolbaki)`

Sasa kigeu `self._kolbaki` kinakishikilia kitu kile. Kishikilie mpaka uiambie maktaba iache kuita. Nyaraka za ctypes zimeonya jambo hili waziwazi, lakini nani anasoma? Vijana wetu wanakopi mstari, ukikubali wanapost picha.

Programu haikufa tena, ila baadhi ya uzito haukuwa unaingia kwenye hifadhidata. Maktaba ile mara nyingine ilikuwa inaita kutoka kwenye thredi yake (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na ule mkuu), na muunganisho wa sqlite3, moduli ya hifadhidata ya Python, usipobadilisha mpangilio wake, unakataa kutumiwa na thredi nyingine. Kosa linalotokea ndani ya kolbaki ya ctypes halirudi kwako. Linachapishwa kwenye skrini, kazi inaendelea, uzito umepotea. Kwa hiyo kolbaki yangu inatumbukiza namba kwenye `queue.Queue`, foleni ambayo thredi zinaweza kuitumia pamoja kwa usalama, na kutoka. Thredi kuu ndiyo inazitoa humo na kuziandika kwenye hifadhidata. Tangaza pia `argtypes` (aina za vitu unavyoipa funksheni ya C) na `restype` (aina ya jibu lake). Usiposema kitu, ctypes inadhani jibu ni int, namba nzima ya kawaida, na pointa (anwani ya kumbukumbu) ya biti 64 inarudi imekatwa.

Na ushikilie kolbaki. Narudia.

Mizani ilipima mpaka jioni. Ulipofika wakati wa kulipana, mzee mwenye mizani akaniambia, "Si umegusa mistari michache tu?" Akanipa nusu. Baadaye nikasikia kaleta mtaalamu kutoka Dar kuja "kuhakiki", na huyo alilipwa yote, pamoja na hoteli. Basi vijana wa Dodoma, acheni kukubali kazi yenu ihesabiwe kwa mistari. Mteja anayekuita baada ya wenzako kushindwa hanunui mistari, na anajua hivyo, anajaribu tu bahati yake. Mimi siku hizi natoza kwa siku, nauli na chakula juu ya mwenye kazi, na nusu inaingia kwenye simu kabla sijafungua kompyuta.