Kabla Hujarudi Kliniki Mara ya Pili

Mimba yangu ya kwanza ilitoka nikiwa wiki ya tisa. Ilikuwa ya kupandikizwa, IVF, yaani yai na mbegu hukutanishwa maabara, kisha kiinitete, ile mimba changa kabisa, huwekwa tumboni. Ilikuja baada ya miaka sita ya kungoja, na tulikuwa tumeuza ploti yetu ya Mamboleo ili tuilipie. Nikitoka wodini muuguzi mmoja akaniambia, "Usijali, mama, mtajaribu tena." Najua alinitakia mema. Lakini damu ilikuwa bado inatoka, na hilo neno "tena" lilinichoma.

Siku hizi akina dada huniuliza, wa hapa Kisumu na wengine wa Kakamega, warudi lini. Mimi huwajibu: rudi ukishamlilia yule wa kwanza, na ukishajua faili lako linasema nini.

Mimba changa haina matanga. Hakuna anayekuja kukesha nawe. Mume wangu alirudi kazini Jumatatu, nami nikaficha picha ya skani ndani ya daftari la chama. Kila mwezi nikifungua kuandika michango, naikuta. Miezi mitano hivyo. Jioni moja nikampa aione. Aliishika pembeni kwa vidole viwili, kama kitu kinachounguza, akalia kwa mara ya kwanza. Tangu usiku ule tuliweza kuzungumza kuhusu viinitete viwili tulivyoacha Nairobi, vimegandishwa kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kabla ya hapo kuvitaja tu kulikuwa kama kumsahau aliyekwenda.

Faili nalo. Omba nakala, kisha keti na daktari umuulize: kiinitete kilikuwa cha siku ya ngapi? Ukuta wa mji wa mimba ulikuwa na unene gani? Homoni ya mimba ilipandaje kati ya kipimo cha kwanza na cha pili? Mapigo ya moyo yaliwahi kuonekana? Mimi nilikuwa nimejilaumu kwa mtungi wa maji niliobeba siku mbili kabla. Daktari akanieleza kwamba mimba nyingi zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu kromosomu za kiinitete chenyewe, zile nyuzi zinazobeba urithi, hazikukaa sawa, jambo linaloanza kabla hujajua una mimba. Mtungi hauna hatia, dada yangu. Usiku ule nililala.

Omba pia upimwe sukari na tezi ya shingo. Yangu ilikutwa inafanya kazi polepole, nikapewa dawa kwanza. Aliyepoteza zaidi ya mara moja aulize kuhusu vipimo vya kuganda kwa damu. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, anza kabla ya kurudi. Na sisi wa kando ya ziwa, neti yenye dawa kila usiku, kwa maana malaria na mimba havipatani.

Kuhusu pesa, tuliandikiana: mara moja zaidi, bila mkopo. Kupandikiza kiinitete kilichogandishwa hugharimu kidogo kuliko kuanza upya, kwa kuwa huchomwi zile sindano za kukuza mayai wala hutolewi mayai. Mama mkwe nilimwambia, "Mama, habari ikiwepo nitakuletea mwenyewe." Akanielewa, Mungu ambariki.

Ukishapandikizwa, zile wiki mbili za kungoja kipimo cha damu ndizo ngumu zaidi. Matiti yatauma, tumbo litajaa; projesteroni unayoweka, homoni ya kuisaidia mimba ikae, inaweza kuleta hayo yote hata kama hakuna mimba, kwa hiyo usiusome mwili wako kila saa. Ukiona matone ya damu, usiache dawa kwa uamuzi wako. Piga simu kliniki. Mimi niliyaona siku ya kumi, nikakaa sakafuni bafuni nikiwa na hakika kwamba yamekwisha. Wakaniambia niendelee.

Leo niko wiki ya 31. Kila tukienda skani mume wangu husimama karibu na mlango, kofia mkononi, hasemi na mtu mpaka asikie ule moyo. Akishausikia ndipo anavuta kiti.