Kwa vijana wa dawati la burudani, kabla Septemba haijafika

Skripti iliyonifanya niandike haya ilianza hivi: "Tamthilia ya Severance yazoa tuzo 27 za Emmy." Aliyeiandika ni kijana wa fildi, ana bidii, anafika kazini mlinzi bado hajazima taa za getini, na sauti anayo. Lakini Severance haikuzoa tuzo 27 za Emmy, hizi tuzo kubwa za televisheni za Marekani. Mwaka 2025 iliteuliwa kuwania tuzo 27, ikaondoka na 8, na ile kubwa ya tamthilia bora wakaichukua The Pitt, waliokuwa na uteuzi 13 tu. Nikamwita. "Dada, nimekuta imeandikwa." Wapi? "Mtandaoni."

Basi kaeni hapa. Najua Dodoma ni mji wa Bunge, na dawati letu hapa redioni ni mtoto wa kambo: studio tunapewa mawaziri wakishamaliza, kinasa sauti kizuri kiko Bungeni, na buletini ikizidi urefu stori ya kwanza kukatwa ni yetu. Ndiyo maana hizo sekunde tisini tunazopewa zisiwe na uongo ndani.

1. Julai si Septemba. Bunge la Bajeti likiahirishwa mwishoni mwa Juni mji unapoa, vyumba vya wageni vya Area D vinashuka bei, na ghafla mhariri anakumbuka kwamba burudani ipo. Wiki chache baadaye, katikati ya Julai, linatoka jina moja baada ya jingine la wanaowania Emmy. Mwaka 2025 orodha ilisomwa Los Angeles saa 2:30 asubuhi ya kule, hapa kwetu saa 12:30 jioni. Umebaki na saa moja na nusu kabla ya taarifa ya saa mbili, na kila mtu anataka iingie. Hapo ndipo "anawania" inapogeuka kuwa "ameshinda", kwa sababu "ameshinda" ina mvuto na mtangazaji anaipenda. Mkiiona kwenye skripti yoyote ya Julai, ifuteni bila kumwuliza aliyeandika.

2. Saa. Sherehe yenyewe huanza saa mbili usiku ya New York, na kwa mwezi wa Septemba hiyo ni saa tisa usiku ya kwetu, tena siku inayofuata. Sherehe ya Jumapili kwao ni alfajiri ya Jumatatu kwetu. Mwaka juzi mmoja wenu, simtaji, alitangaza "leo saa mbili usiku msibanduke", na kuna watu walikaa kweli mbele ya televisheni wakaishia kuangalia taarifa ya habari na hali ya hewa. Tena kuanzia Novemba hadi Machi wenzetu wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo tunawazidi New York kwa saa nane badala ya saba. Andikeni kwenye karatasi, mbandike ukutani juu ya kompyuta, muachane na kukisia.

3. Jifunzeni tarehe 31 Mei. Ili kipindi kistahiki kuwania Emmy, kiwe kimerushwa kati ya 1 Juni na 31 Mei ya mwaka unaofuata. Kilichorushwa baada ya hapo kinasubiri zamu yake. Kwa kutojua hili watu wanagombana vijiweni bure: mtu ametoka kuangalia msimu wa tatu juzi, anasikia umeshinda wa pili, anadhani redio imechanganyikiwa. Na kuna mwaka ambao hata anayejua alihitaji kalamu. Migomo ya waandishi na waigizaji wa Hollywood ya 2023 iliisukuma sherehe ya 75 hadi 15 Januari 2024, kisha ya 76 ikaja kwa wakati wake, 15 Septemba mwaka huohuo. Emmy mbili ndani ya mwaka mmoja. Ukiandika "Emmy za 2024" bila kusema zipi, Succession na Shōgun wote ni tamthilia bora na wote ni sawa.

4. Sasa hii. Wengine mmeshaisikia kwa fundi mitambo, ambaye huisimulia kwa nyongeza. Isikieni kwangu.

Ilikuwa Septemba ileile ya 2024. Nilikuwa zamu ya usiku, dawati zima mimi peke yangu, na upepo wa Dodoma unapiga mabati kama unataka kuingia. Nilijiona bingwa. Januari The Bear walikuwa wamechukua tuzo ya vichekesho bora kwa msimu wao wa kwanza, na safari hii walikuja na uteuzi 23, idadi ambayo mpaka wakati ule hakuna kipindi cha vichekesho kilichokuwa kimewahi kuifikisha kwa mwaka mmoja. Saa tisa sherehe ikaanza. Ebon Moss-Bachrach akapewa tuzo ya mwigizaji msaidizi. Jeremy Allen White naye akapata. Liza Colón-Zayas akapata, na kwenye kipengele chake alikuwemo Meryl Streep. Kila nikiburudisha ukurasa ni The Bear. Nani angebisha?

Dalili zilikuwepo. Jean Smart wa Hacks, kipindi kingine cha vichekesho, alipita na ya kwake ya mwigizaji bora wa kike, na uandishi wa vichekesho ukaenda Hacks vilevile. Tena usiku ulipoanza tu, Eugene Levy na mwanawe Dan, waliokuwa washereheshaji, walishatania ule ubishi wa siku nyingi kwamba The Bear ni vichekesho visivyochekesha. Nilicheka na kuendelea na chai yangu. Mwandishi mwenye akili angejiuliza: kama ukumbi mzima umecheka, wapigakura wamefikiri nini?

Tatizo langu halikuwa akili pekee, lilikuwa gari. Gari la zamu huondoka saa 11:30 kwenda kuwachukua watangazaji wa asubuhi Kisasa na Area D, na likiondoka limeondoka. Ukilikosa, unakaa mpaka saa tatu. Buletini ya kwanza ni saa kumi na mbili kamili. Sherehe ya saa tatu inaisha saa kumi na mbili hiyohiyo, na vichekesho bora vilikuwa vimewekwa mwisho kabisa. Nikapiga hesabu ya mtu mwenye usingizi. Saa 11:10 nikaingia studio, nikavoisi: "The Bear yatetea taji lake, yaibuka tena kuwa kipindi bora cha vichekesho cha mwaka." Nilisoma vizuri sana, hilo lazima niseme. Nikaweka na mziki mwepesi chini. Faili nikaliita "Emmy mwisho", nikalitupa kwenye folda ya asubuhi, nikakimbilia gari, nikateremshwa Nkuhungu, nikazima sauti ya simu, nikalala.

Bahasha ya mwisho ilipofunguliwa kule, jina lililosomwa lilikuwa Hacks.

Buletini ya saa kumi na mbili ikarusha The Bear. Ya saa moja ikarusha The Bear. Kipindi cha asubuhi kikaipenda stori, mtangazaji akaifungulia simu, wasikilizaji wa Majengo na Chang'ombe wakapongeza kipindi ambacho, nina hakika, wengi wao hawajawahi kukiona. Kisha ikaingia meseji kwenye namba ya studio, maneno mawili: "Mmeota?" Mtangazaji akaisoma hewani akicheka, akidhani ni utani. Wakaja wengine. Hakuna aliyejua ukweli ni upi, maana aliyekuwa anafuatilia ni mimi, na mimi nilikuwa nakoroma.

Niliamka saa nne na kitu. Simu ilikuwa imejaa. Sikuanza na meseji za mhariri; nilianza na zile za watu wanaonipenda, ambazo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinauliza "uko sawa?" Nilipofika ofisini mhariri hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja: "Bahasha ulifungua wewe?" Nikaanza kueleza habari za gari. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia vibaya, na nikanyamaza katikati ya sentensi.

Marekebisho niliyasoma mwenyewe mchana, kwa sauti yangu ileile. Hapo nikagundua kitu kinachoniuma mpaka leo: stori ya kweli ilikuwa tamu kuliko niliyoitunga. Mwaka ule The Bear walipata tuzo 11, rekodi ya kipindi cha vichekesho kwa mwaka mmoja, wakaikosa hiyo moja waliyokuwa wakiisubiri. Hiyo ndiyo stori! Ningesubiri dakika hamsini ningekuwa nayo peke yangu hapa mjini. (Na rekodi hiyo si yao tena. The Studio walichukua 13 mwaka 2025. Nawaona bado mnaandika The Bear, mnakopi makala za zamani.)

Tangu hapo prodyuza wetu akipokea skripti yangu yoyote, hata ya bei ya zabibu, ananiuliza kama bahasha imefunguliwa.

Kwa hiyo: tuzo ambayo haijatolewa haivoisiwi. Buletini ikikukuta katikati, sema zilizokwishatolewa, sema zilizobaki, basi. Na kama umerekodi matoleo mawili uyaweke tayari, usiondoke mpaka umelifuta moja kwa mkono wako.

5. Majina ya watu: tafuta klipu ya mtu akitajwa jukwaani, isikilize, ndipo ukavoisi.

6. Tuzo kubwa hutolewa usiku mmoja, lakini si zote. Wikiendi iliyotangulia, mabingwa wa mavazi, uhariri, sauti, mapambo na wenzao hupewa za kwao kwa siku mbili. Shōgun waliingia usiku mkubwa wa 2024 wakiwa na 14 mfukoni, wakaongeza 4, zikawa 18, nyingi kuliko msimu wowote wa kipindi chochote kabla yao. Mwaka ule tulikuwa na skripti mbili ndani ya jengo moja, moja ya tuzo 4 na nyingine ya 18, na waandishi wake wakanuniana wiki nzima. Wote walikuwa sahihi, ila hakuna aliyeandika "kwa jumla". Na Emmy za Kimataifa ni habari nyingine kabisa: hutolewa New York mwezi Novemba na chombo kingine, na huko ndiko alikoteuliwa Thuso Mbedu wa Afrika Kusini mwaka 2017. Mkimchanganya na hizi za Septemba kuna mtu atawasahihisha, na huwa ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye muda mwingi.

7. Engo ya nyumbani tafuteni, msiizalishe. Niliwahi kuletewa kichwa cha habari "Bongo yatikisa Emmy". Nikasoma hadi mwisho nikitafuta Mbongo. Hayupo. Mwandishi alijitetea kwamba vipindi vile hata huku tunavitazama. Sasa, mnataka Mtanzania jukwaani? Wapo. Machi 2016 kule Lagos, kwenye AMVCA, tuzo za filamu na televisheni za Afrika, Elizabeth Michael, huyu mnayemwita Lulu, alichukua ya filamu bora Afrika Mashariki, na Single Mtambalike, Richie, akachukua ya filamu bora ya Kiswahili. Vijana wengi wa fildi nikiwauliza hawajui, lakini wanajua nguo aliyovaa nani kwenye zulia la Los Angeles. AMVCA zifuatilieni kila mwaka kwa bidii ileile, na mkifuatilia mtofautishe vipengele vinavyopigiwa kura na watazamaji na vile vya majaji, maana msikilizaji wa Kisasa akisikia "pigeni kura" atapiga kweli, na kura yake haipaswi kwenda hewani bure.

8. Hotuba. Kata sauti fupi. Mwaka 2025 mshereheshaji Nate Bargatze aliahidi dola 100,000 kwa shirika la watoto, akasema kila sekunde inayozidi 45 za hotuba inapunguza dola 1,000. Hesabu ikaporomoka mpaka chini ya sifuri, na mwishowe yeye akatoa 250,000 na kituo cha CBS kikaongeza 100,000. Niliwaza angekuja kushereheshea kwetu: itifaki haijaisha na ameshauza nyumba.

9. "Kimefutwa", "kinaisha" na "kimepumzishwa" ni habari tatu. Julai 2025 CBS walitangaza kwamba kipindi cha Stephen Colbert kingefika mwisho Mei 2026. Hapa kwetu kikasomwa kwamba kimefutwa tangu jana yake. Septemba kikashinda Emmy ya vipindi vya mazungumzo, na dawati letu likabaki linajieleza jinsi marehemu alivyopanda jukwaani.

Ratiba ya zamu ya Septemba nitaibandika mlangoni. Atakayepangwa usiku wa Emmy aje na bando lake, sweta na kitu cha kutafuna, maana mama wa chapati hafungui kabla ya saa kumi na mbili. Gari nimeshaongea na dereva: asubuhi hiyo litasubiri hadi saa 12:20, na watangazaji wa asubuhi watafika kwa bodaboda kwa gharama ya ofisi. Na yule aliyeniuliza pembeni kama kuna posho ya usiku, jibu ni hakuna, nimeshaomba.