Maswali ya Wasomaji: Mbunifu na Mkakati wa Biashara

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mbunifu wa programu za simu katika kampuni ya pembejeo za kilimo. Kwa miezi miwili nilitengeneza ukurasa wa mkulima kununua mbegu na mbolea moja kwa moja kwetu, lakini mkurugenzi ameukataa akisema hauendani na mkakati wa kampuni, ambao sijawahi kuelezwa. Je, mambo ya biashara si ya wenye biashara? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kazi hiyo. Hata hivyo sikubaliani nawe, kwa sababu kila unapoamua kitufe kipi kitangulie na kipi kiondolewe, unaamua pia kampuni itamhudumia nani na itapata fedha kwa njia gani, uwe unajua au hujui.

Tazama M-Pesa, ambayo Safaricom iliizindua nchini Kenya mwezi Machi 2007. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005 ilikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo, lakini watu wakaonekana wakiitumia kutumiana fedha, na hapo ndipo lengo lilipohamia kwa mtu wa mjini anayewatumia fedha walio nyumbani. Mteja huyo alikuwa na simu ya kawaida, kwa hiyo huduma iliwekwa ndani ya laini yenyewe, ikafunguka kama menyu fupi ya maandishi. Kujisajili na kuweka fedha kulikuwa bure. Makato yalikuwa kwenye kutuma na kutoa. Mbunifu asiyeyajua hayo angeweza, kwa nia njema kabisa, kuongeza picha na madoido, akawafungia nje wateja wale wale waliokusudiwa. Huduma hiyo hiyo Vodacom iliipeleka Afrika Kusini mwaka 2010, ambako watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na mwaka 2016 ikafungwa.

Sasa turudi kwenye ukurasa wako. Kampuni nyingi za pembejeo huuza kupitia wenye maduka ya vijijini, ambao humfahamu mkulima kwa jina na pengine humkopesha hadi avune. Ikiwa yenu ni mojawapo, kitufe chako cha "Nunua" kilimruka mwenye duka, na huenda kazi yako ingepokelewa vizuri iwapo kitufe hicho kingeandikwa "Tafuta duka la karibu" na kumwonyesha mkulima ni wapi mbegu anayoitaka ipo leo.

Mkurugenzi naye ana sehemu yake ya lawama, kwani si haki kumwacha mtu afanye kazi miezi miwili bila kumweleza kampuni inaelekea wapi. Mwombe nusu saa, ukiwa pamoja na mtu wa mauzo, umuulize ni nani hasa anayewalipa, faida inatoka kwenye mbegu au kwenye mbolea, na ni jambo gani kampuni imeamua kutolifanya mwaka huu. Hilo la mwisho liandike kabisa, kisha ulibandike juu ya meza yako kabla hujachora ukurasa mwingine.