Darizi ya Miezi Minane Usiipake Gundi: Ninavyotia Fremu kwa Pesa Kidogo

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji wa Makambako: "Dada, nimemaliza darizi yangu ya kwanza ya mishono ya msalaba. Fundi wa fremu anataka elfu arobaini, na mimi sina. Nifanyeje?" Niliusoma kwenye daladala nikielekea Uyole, na kidonda changu cha miaka minne kikatoneshwa. Nilitaka kumjibu mistari miwili nikashindwa. Naandika hapa kwa sababu najua mko wengi mliokunja kazi zenu kabatini mkisubiri hela ya fremu.

Yangu ilikuwa picha ya nyumbani kwetu Tukuyu: nyumba ya bati jekundu, migomba ubavuni, Mlima Rungwe nyuma. Mchoro niliupanga mwenyewe kwenye karatasi ya grafu, mishono 140 kwa 112. Nilidarizi usiku kwa miezi minane bila mama kujua, maana ilikuwa zawadi yake ya kustaafu ualimu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja ambaye simtaji. Alipaka hadibodi gundi ya mbao, akabandika kitambaa, akakata pembeni zote zilingane na ubao, akakandamiza kioo juu yake.

Siku ya sherehe watu walipiga vigelegele. Lakini Tukuyu mnaijua, mvua yake si ya mchezo. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, mama akanipigia simu: "Mwanangu, mbona mbingu ya picha yako imekuwa ya njano?" Nikapanda gari siku hiyohiyo. Gundi ilikuwa imepenya mpaka mbele na kuacha madoa ya rangi ya chai. Pale kitambaa kilipogusana na kioo palikuwa na ukungu, vidoti vyeusi vidogo kama mbegu za mchicha. Nilijaribu kukibandua kwa maji ya uvuguvugu, kikatoka na manyoya ya hadibodi. Na kwa kuwa pembeni zilishakatwa, hapakubaki pa kushika. Nililia mbele ya mama, na sioni aibu kusema.

Tangu siku hiyo fremu zangu natia mwenyewe, na hakuna hata moja iliyoharibika.

Kwanza osha darizi. Mafuta ya vidole huyaoni leo, utayaona baada ya mwaka. Maji ya baridi, sabuni laini, usisugue. Uzi mwekundu ukianza kuchuja rangi, usikianike kitambaa. Endelea kubadilisha maji ya baridi mpaka yatoke meupe. Piga pasi kwa nyuma, uso wa kazi ukilalia taulo nene, mishono isilale.

Fremu zangu nazipata kwenye mitumba, soko la Mwanjelwa, Mbeya. Sitazami picha iliyomo, natazama mbao na pembe zake. Ya mwisho nilinunua elfu nne pamoja na kioo chake. Siri ni kupiga hesabu kabla ya kuanza kudarizi: kitambaa cha aida (kile chenye vijitundu vilivyopangwa kwa mistari) cha namba 14 kina mishono 14 kwa inchi moja, kwa hiyo 140 ni inchi 10 na 112 ni inchi 8. Nane kwa kumi ni saizi ya picha za studio, fremu zake zimejaa kila mahali. Wenye saizi za ajabu ndio wanaolipa elfu arobaini. Usipoipata, nenda kwa seremala ukaombe mabaki ya paina. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, penye mashamba ya miti ya Sao Hill kule Mufindi, paina si mbao ya kuhangaikia. Hakikisha tu imekauka, maana mbichi itajipinda na pembe zitaachia.

Sasa kuiwamba darizi, na hapa ndipo nawaomba mtulie. Acha kitambaa kitupu sentimita 5 kila upande, na asikikate mtu yeyote. Kata kadibodi ngumu, ndogo kidogo kuliko nafasi ya ndani ya fremu, uivalishe kitambaa cheupe cha pamba. Mimi natumia shuka kuukuu. Kadibodi ya boksi ina asidi inayogeuza darizi kuwa njano, na hilo shuka linapunguza madhara. Laza darizi juu, tafuta katikati, choma pini kwenye unene wa kadibodi ukianzia katikati kwenda pembeni, ukifuata mstari mmoja wa vijitundu vya aida usipinde. Geuza. Chukua uzi imara, uupitishe kutoka ukingo wa juu kwenda wa chini, juu, chini, kila baada ya sentimita moja na nusu, kama unafunga kamba za kiatu. Kaza taratibu. Kisha fanya hivyohivyo kulia na kushoto, na mwisho uchomoe pini, zisije zikashika kutu. Yangu huchukua saa mbili. Hakuna gundi hata tone, ukitaka kuiosha tena unakata uzi tu.

Kioo kisiguse kitambaa. Weka vipande vyembamba vya kadibodi kati yao, vijifiche chini ya ukingo wa fremu. Nyuma funika kwa karatasi ya kaki, siyo nailoni, na pembe za chini bandika vipande vya kandambili ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Ndugu zangu, tuache kuzidharau kazi za mikono yetu. Mtu anahesabu mishono elfu kumi na tano bila kukosea, halafu anamkabidhi fundi asiyemjua bila hata kumuuliza ataishikaje. Uliza. Fundi akisema gundi, chukua kazi yako uondoke. Hata akikupunguzia bei, ondoka.

Picha ya mama niliirudia yote. Safari hii miezi saba, bati jekundu lilelile, na mgomba mmoja nimeuongeza. Nilipompelekea, hakuitazama mbele kwanza. Aliigeuza, akachana karatasi ya kaki kwenye pembe, akapitisha kidole juu ya nyuzi zilizokazwa, moja baada ya nyingine. Kisha akaniambia nimletee karatasi nyingine aifunike vizuri.