RAM ya ziada haitaponya programu yako ya Windows 3.1

SWALI: Nimerithi programu iliyoandikwa kwa C, inayoendeshwa kwenye kompyuta ya zamani ya maabara yenye Windows 3.1. Kila sekunde mbili huchora upya grafu ya joto. Baada ya saa mbili hivi vitufe hupotea, herufi huchorwa ovyo, na Program Manager (dirisha kuu la Windows la kufungulia programu) huonyesha rasilimali za mfumo zimebaki 11%. Nimeongeza RAM kutoka MB 4 hadi 16, hali ni ileile. Fundi ananishauri ninunue programu ya kusafisha kumbukumbu. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Na fundi wako mwulize anasafisha nini hasa, maana ile asilimia si kipimo cha RAM. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na karibu kila anayeuliza ameshatoa hela ya RAM kabla hajanifikia.

Kalamu, brashi na fonti zinazotumika kuchorea hutunzwa na GDI, sehemu ya Windows inayoshughulikia kuchora. Madirisha na menyu hutunzwa na USER, sehemu nyingine ya Windows. Zote mbili huweka kumbukumbu hizo kwenye hipu (maeneo ya kumbukumbu yaliyotengwa) zisizozidi KB 64 kila moja, kwa kuwa anwani ndani ya segmenti, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu, ni ya biti 16 na haivuki 65,536. Uwe na MB 4 au 64, hipu haipanuki, na programu zote zilizo wazi hugombania humo humo. Asilimia unayoonyeshwa ni ya hipu iliyobanwa zaidi.

Sasa piga hesabu. Kila ukichora unaita CreatePen (amri ya kutengeneza kalamu), halafu kalamu huifuti. Tuseme kila moja inakula baiti 20 tu: kwa saa mbili umetengeneza kalamu 3,600, yaani baiti 72,000. Hipu imeshafurika. Tena Windows 3.1 haizifuti kalamu hizo programu inapofungwa, ndiyo maana ukiifungua upya asilimia hairudi mpaka uanzishe Windows upya.

Dawa ni mistari miwili. SelectObject, amri ya kuiweka kalamu yako itumike kuchorea, hukurudishia kalamu ya awali, ihifadhi. Ukimaliza kuchora, irudishe kwanza, ndipo uite DeleteObject (amri ya kufuta) kwa ile yako. Wengi hugeuza mpangilio huu, wakaifuta kalamu ingali imeshikwa na DC (device context, muktadha wa kuchorea), kisha wanalalamika kwamba DeleteObject haifanyi kazi. Bora zaidi, itengeneze mara moja programu inapoanza na uifute inapofungwa. Kagua pia kila GetDC (kuazima DC) kama ina ReleaseDC yake (kuirudisha): DC za pamoja ni tano tu kwa mfumo mzima.

Hawa wauza usafi wa kumbukumbu hawakuanza jana. Mwaka 1995 iliuzwa SoftRAM95 kwa madai ya kuongeza kumbukumbu maradufu, na mwaka uliofuata Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikayabana madai hayo kuwa ya uongo. Leo wamehamia kwenye simu: kitufe kimoja, mshale unazunguka, "umeokoa MB 800". Kilichofanyika ni kuua programu ambazo mfumo utazipakia upya muda si mrefu, kwa gharama ya betri yako. Ukikuta mtu anauza tiba bila kukuuliza programu yako inafanya nini, weka pochi mfukoni.

Baada ya marekebisho, iache grafu ichore usiku kucha. Asilimia ikizidi kushuka, niletee msimbo wote wa WM_PAINT (ujumbe wa Windows unaoitaka programu ijichore), si picha ya ile asilimia.